Vitwitwi, Wenyeji wa Maji Kupwa

Leo nataka tuzungumze juu ya ndege ambao mtoto yeyote wa pwani amewafukuza angalau mara moja. Unatoka chuoni, unashuka ufukweni, maji yamepwa mpaka kule mbali, na juu ya tope linalong'aa kuna kundi la ndege wadogo wa kijivu wanakimbia huku na huku kama waliochelewa. Unawakimbilia. Wanaruka wote kwa mpigo, wanapinda hewani, upande huu kijivu, upande huu weupe, kisha wanatua hatua mia mbele na kuendelea na shughuli zao. Unawakimbilia tena. Mimi nilicheza hivyo utoto wangu wote, na nimekuja hapa kuwaambia kwa nini natamani nisingecheza.

Tunawaita vitwitwi. Ukisikia sauti yao wakiruka, huna haja ya kuuliza jina limetoka wapi. Lakini ndani ya jina hilo moja tumewarundika ndege wa aina nyingi mno. Wamo wenye mdomo mfupi na macho makubwa ya duara. Wamo wenye mdomo mwembamba mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Yumo mmoja ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu, na wengine umepinda kwenda chini. Mkubwa wao tumempa jina lake mwenyewe, sululu, yule wa kahawia mwenye michirizi, mwenye mdomo mrefu uliojikunja. Chombo cha kuchimbia ardhi ngumu nacho tunakiita sululu, na ukiviweka viwili hivyo sambamba kamusi haina kazi tena.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa mishipi na madema. Alinifundisha bamvua na maji mafu, alinifundisha kusi na kaskazi, na juu ya vitwitwi alinifundisha jambo moja. "Hawa ni wageni, mwanangu," alisema. "Kwao ni kule kwenye barafu. Hapa wanapita tu." Nilimwamini kwa miaka mingi. Baadaye nikaanza kuhesabu miezi, na hesabu ikanionyesha kwamba katika hili mjomba alikosea.

Mchukueni kitwitwi mmoja tu, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini na kiuno cheupe kinachoonekana anaporuka. Nitamwita kitwitwi mwekundu, na sababu mtaisikia. Anazaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, kwenye Rasi ya Taimyr na nchi tambarare za tundra zinazoizunguka. Theluji huko inayeyuka mwezi wa Juni. Ndege wanafika, wanapandana, na kabla Julai haijakatika dume ameshaondoka. Halei, hasubiri hata vifaranga watoke kwenye mayai. Jike anabaki peke yake na vifaranga, naye anaondoka mapema kuliko wao. Kufikia Agosti wakubwa wa kwanza wako hapa kwetu, kwenye mlango wa mto Sabaki, hori ya Mida, delta ya Rufiji, ghuba ya Chwaka. Wanakaa mpaka Aprili. Basi hesabu nawe: kule kwenye barafu miezi miwili, tena haitimii; njiani wiki kadhaa; hapa kwetu miezi minane. Na wale wa mwaka wa kwanza, wasiokomaa bado, wengi wao hawarudi kabisa msimu ule unapofika. Wanabaki na sisi kusi yote, mpaka mwaka wa pili.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa miezi minane, na jembe amekuja nalo mwenyewe, limo mdomoni. Kwa hiyo jioni hii nitawaita wenyeji, na ninaposema wenyeji simaanishi kuwapamba. Namaanisha kwamba maisha yao yanategemea tope letu kuliko yanavyotegemea theluji ya huko.

Sasa, lile tope. Sisi tunaliona kama mahali ambapo bahari haipo. Boti imekwama, mtu anavuka amekunja suruali, akina mama wanapita na ndoo wakitafuta chaza na kome. Kitwitwi analiona kama ghala lenye milango mingi. Chini ya kidole kimoja kuna minyoo myembamba na konokono wadogo kama punje ya mtama. Chini zaidi kuna chaza wadogo. Chini kabisa, ndani ya mashimo yanayopinda, kuna kaa. Na urefu wa kila mdomo ni urefu wa ufunguo wa mlango fulani. Ndiyo maana unaweza kuwaona aina sita au saba katika kipande kimoja cha ufuo na usione ugomvi wa maana. Hawagombei sahani moja.

Watazameni kwa makini, mtagundua kuna namna mbili kubwa za kutafuta riziki. Wale wenye mdomo mfupi na macho makubwa wanawinda kwa kuona. Mmoja anakimbia hatua tano, anasimama ghafla kama aliyesahau kitu, anatulia, kisha anainama na kudonoa. Anakimbia tena, anasimama tena. Anaposimama anatazama tope lote lililo mbele yake, akingoja mnyoo ajitikise kidogo tu.

Wale wenye mdomo mrefu wanatumia kugusa. Hawa hawasimami. Vichwa vinakwenda chini na juu upesi upesi, kama sindano ya cherehani, na tope linabaki na mistari ya vitundu. Wanasayansi waliochunguza midomo hiyo walikuta kwenye ncha yake vishimo vidogo vingi sana, na ndani ya kila kishimo miishio ya neva. Ncha ya mdomo ule ni kama ncha za vidole vya fundi. Inasikia mtikisiko wa mnyoo. Kwa aina mojawapo imethibitishwa kwamba inaweza kutambua chaza aliyefunga kimya kabisa ndani ya mchanga mbichi, kwa sababu maji yaliyo kati ya chembe za mchanga yanasukumwa tofauti penye kitu kigumu. Halafu kuna ufundi mwingine: anaweza kufungua ncha peke yake huku sehemu nyingine yote ya mdomo imefumba. Fikiria umezamisha koleo ardhini, mpini umeshikwa na tope pande zote, lakini meno ya mbele yanafunguka na kukamata. Ndivyo anavyomtoa mnyoo bila kula tope.

Wapo na wengine wenye mbinu zao. Yupo mnene mwenye miguu ya rangi ya chungwa, anayepita kwenye mwani uliotupwa na mawimbi akiupindua kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya mkeka. Mawe anayapindua, makombe anayapindua. Yupo yule wa mdomo uliopinda juu, mwenye miguu mifupi, anayekimbia kasi sana ameinamisha kichwa akifukuza kaa. Akimkamata mwenye tope, mara nyingine humpeleka kwenye dimbwi na kumsuuza kabla ya kumla. Naye sululu huingia hata kwenye mikoko, anaingiza mdomo wake uliopinda ndani ya shimo la kaa, na shimo nalo limepinda vivyo hivyo.

Na kazi hii haiendi kwa jua. Inakwenda kwa maji. Maji yakipwa saa nane mchana, wako kazini saa nane mchana. Yakipwa saa nane usiku, wako kazini saa nane usiku, gizani, na tope ni lile lile. Mvuvi anaielewa kalenda hii kuliko mtu wa ofisini. Siku yao ina vipindi viwili vya kula na viwili vya kungoja, na kila siku vinasogea karibu saa nzima mbele. Wanakula viumbe vya maji ya chumvi na wanakunywa chumvi pamoja navyo, lakini juu ya macho wana tezi zinazochuja chumvi ile na kuitoa puani. Ukibahatika kumwona mmoja kwa karibu akiwa amepumzika, utaona tone safi likining'inia kwenye ncha ya mdomo.

Nimefika mahali ninapopapenda zaidi katika mazungumzo haya, kwa hiyo mniruhusu nikae kidogo. Kuna mmoja kati ya ndege hawa wa maji kupwa ambaye hana ndugu duniani. Wataalamu wamemweka kwenye ukoo wake peke yake, ukoo wenye aina moja tu. Ni mweupe, mgongoni mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu cha samawati, na mdomo mweusi mnene kama jambia. Mdomo huo ni wa kazi moja, kuwachoma na kuwavunja kaa. Nitamwita mlakaa. Kwa makadirio, duniani kote hawa ni kati ya 60,000 na 80,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam unachukua watu 60,000. Walakaa wote wa ulimwengu, kila mmoja na kiti chake, wangeujaza, na pengine wengine wangebaki nje. Na sehemu kubwa yao hukaa msimu wao wa kutozaa kwenye mwambao wetu huu, kutoka Somalia kushuka Lamu, Mida, Tanga, Unguja, Mafia na Rufiji, mpaka Madagaska. Kundi jingine kubwa hubaki Oman, kwenye tambarare za tope za Barr Al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah, ambako wakati wa baridi ndege wa maji kupwa wa kila aina hufika zaidi ya nusu milioni.

Mlakaa haendi Siberia. Kwao kwa kuzalia ni Ghuba, Bahari ya Shamu na pwani za Uarabuni: visiwa vya Iran, Bubiyan ya Kuwait, Oman, Eritrea, Somalia. Anaposikia haya, msikilizaji wa pwani atafikiria majahazi mara moja, na mimi pia nilifikiria hivyo. Lakini tofauti ipo. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka, yakarudi na kusi. Mlakaa hangoji upepo wa kumsukuma. Anashuka mwezi wa Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, akiipiga kifua. Kurudi, ndiyo, anarudi Aprili, wakati ule ule nahodha wa zamani alipokuwa akitweka tanga. Njia ni moja, bandari ni zile zile, na Waswahili walioko Maskati wakishuka Barr Al Hikman na wakati huo huo binamu zao wa Malindi wakishuka Mida, wote wanamtazama ndege mmoja.

Kuzaa kwake ni kwa ajabu. Vitwitwi wengine hutaga mayai manne, kwa kawaida, kwenye kishimo cha wazi juu ya ardhi, na mayai yana madoadoa ili yasionekane. Mlakaa anachimba. Anachimba pango la zaidi ya mita moja ndani ya mchanga, wakiwa wengi pamoja, kilima kizima kikiwa na matundu kama mji. Mwisho wa pango anataga yai moja, jeupe kabisa. Halihitaji madoa, liko gizani. Na jua la nchi zile, ambalo juu ya mchanga lingeliua yai upesi, huko chini limekuwa mlezi. Watafiti waliopima joto ndani ya mapango katika visiwa vya Eritrea walikuta linakaa karibu nyuzi 35, joto linalofaa hasa kwa yai, hivyo wazazi wanaweza kwenda kuwinda kaa kwa saa nyingi na yai lisidhurike. Sijasoma habari ya ndege iliyonituliza moyo kama hii: mchanga wenyewe unatamia.

Kifaranga wa kitwitwi wa kawaida akitoka kwenye yai hukauka manyoya, akaanza kutembea na kujilisha siku hiyo hiyo. Wa mlakaa anabaki shimoni akiletewa chakula. Akishaweza kuruka, bado analetewa. Akivuka bahari na kuja kwetu, bado analetewa. Nenda Mida mwezi wa Oktoba au Novemba, maji yakiwa yameanza kupwa, simama kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, daraja linalotunzwa na wanakijiji wenyewe. Utamwona ndege mkubwa mweupe na mweusi anatembea, na nyuma yake mwingine, mgongo wa kijivu, amejikunyata, analia mluzi mwembamba usiokatika. Mzazi anamkamata kaa, anamvunja, mtoto anakimbilia. Safari yote ile kutoka Ghuba, na mtoto bado anaomba. Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama nami pale alicheka akasema, "Huyu kama wa kwangu." Nikaona kwamba sasa hatamfukuza tena kamwe.

Turudi kwa kitwitwi mwekundu, maana saa yake inakimbia. Ni mwisho wa Machi. Kaskazi imechoka, tuko kwenye maleleji, masika inanukia. Mkitazama vizuri mtaona kifua cha kijivu kimeanza kupata madoa ya rangi ya tofali la kuchoma, na kufikia mwisho wa Aprili baadhi yao watakuwa wekundu kuanzia usoni mpaka tumboni. Ni vazi la harusi, wanalivalia kwetu, wakaoane Siberia. Lakini badiliko kubwa liko ndani. Ndege huyu kwa kawaida ana uzito wa gramu 50 na kitu, chini ya yai la kuku. Katika wiki chache hizi lazima anenepe mno, mafuta yajae chini ya ngozi mpaka shingoni, kwa sababu mbele yake kuna njia ambayo hata ikinyooshwa kama uzi inafika kilomita 9000. Atapumzika njiani, penye maji ya chumvi na tope. Mojawapo ya vituo vinavyojulikana ni Sivash, kusini mwa Ukraine, ambako leo kuna vita. Kituo kimoja kikiharibika, hana akiba ya kukiruka na kufikia kingine.

Mpaka wapi mwili wa ndege wa jamii hii unaweza kwenda? Mwezi wa Oktoba 2022, kule Bahari ya Pasifiki, ndege mmoja wa jamii ya vitwitwi wakubwa, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo juu, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania bila kutua popote. Alikuwa na kidude cha setilaiti mgongoni, kwa hiyo njia ilijulikana yote: kilomita 13,560, siku 11, hakula, hakunywa. Alikuwa na umri wa miezi mitano hivi. Kabla ya safari kama hizo, ndege wa aina yake hupunguza utumbo wao wenyewe, firigisi na ini pia, ili wasibebe mzigo wasioutumia, na nafasi ile waijaze mafuta.

Na watoto wa vitwitwi mara nyingi husafiri bila kuongozwa na wazee. Nimewaambia kwamba kitwitwi mwekundu dume anaondoka kwanza, jike anafuata. Watoto wanabaki tundra wakijinenepesha, halafu siku moja nao wanaondoka, peke yao, kuelekea mahali ambapo hawajapata kupaona. Wanafika hapa Septemba na Oktoba. Mwaka mwingine wanafika wengi. Mwaka mwingine karibu hakuna. Watu waliokuwa wakiwahesabu huko Afrika Kusini waliona jambo hili likijirudia, na jibu walilikuta mbali sana na pwani ile. Tundra ina panya wanene wenye mkia mfupi, lemingi, ambao huongezeka sana kwa miaka kadhaa kisha huporomoka. Wakiwa tele, mbweha weupe na bundi wa theluji wanawala hao. Wakiadimika, mbweha wanageukia mayai na vifaranga. Kwa hiyo mtoto akisimama Kunduchi, Dar es Salaam, mwezi wa Oktoba na kukuta vitwitwi wachache kuliko mwaka jana, yamkini sababu ni panya waliokosekana Siberia mwezi wa Juni. Hili mjomba hakupata kulisikia, na najua angelipenda.

Mpaka hapa nimesema juu ya kula. Sasa nizungumzie kungoja, kwa maana ndiko tunakowaumiza bila kujua.

Maji yakijaa, ghala limefungwa. Vitwitwi wote waliokuwa wametawanyika kwenye tope la maili nyingi lazima wakusanyike mahali pakavu, peupe, wanapoweza kumwona kipanga kabla hajafika. Fungu la mchanga, ncha ya rasi, mashamba ya chumvi. Pale Kunduchi mashamba ya chumvi yamekuwa kimbilio lao, na nalitaja hili ili watu wasidhani kila kinachojengwa na binadamu ni adui wa ndege. Wanasimama kwa mguu mmoja, wote wameelekea upepo, mdomo umefichwa kwenye manyoya ya mgongo. Mtu akiwaona husema wamelala tu, hawana kazi. Kumbe wanasaga kile walichokula na kukigeuza mafuta. Kila wakirushwa wanatumia sehemu ya mafuta yale. Mara moja si kitu. Mara kumi kwa siku moja, kwa ndege wa gramu 50 aliyebakiwa na wiki nne kabla ya kuondoka, ni kumnyang'anya safari.

Na wakati wa bamvua mambo ni magumu zaidi. Maji yanapanda juu kabisa, fungu lote linafunikwa, kinabaki kipande kidogo tu cha mchanga, na kipande hicho ndicho kile kile ambacho sisi tunakipenda kwa mpira, kwa pikipiki, kwa mbwa wa kutembezwa, kwa boti za kitalii zinazosogea karibu watu wapige picha ya kundi likiruka. Ni picha nzuri. Inalipiwa na ndege. Tena Aprili ndiyo shule zimefungwa na Pasaka iko karibu, ufuo unajaa watu katika siku zile zile wanazohitaji utulivu kuliko siku nyingine zote za mwaka.

Sisemi kwamba mtoto anayekimbia ufukweni ndiye anayewamaliza. Mikoko iliyokatwa, kuta za hoteli zinazozuia mchanga usisogee, tope linalofukiwa, plastiki, na huko kaskazini joto linaloyeyusha theluji kabla ya wakati: hayo ndiyo makubwa. Mwaka 2024 kitwitwi mwekundu alihamishwa kwenye Orodha Nyekundu ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, akawekwa katika mojawapo ya madaraja ya walio hatarini kutoweka, pamoja na mwenzake mkubwa wa kijivu mwenye macho makubwa, yule anayesimama peke yake kwenye tope. Walikuwa ndege wa kawaida, wa kila siku.

Na yuko mmoja ambaye hayumo tena kwenye daraja lolote la matumaini. Binamu wa sululu, mwenye mdomo mwembamba kuliko wake, alikuwa akizaa Siberia na kushuka mpaka Afrika ya Kaskazini. Mara ya mwisho alionekana kwa uhakika mwaka 1995, kwenye wangwa mmoja wa pwani ya Moroko. Watu walimtafuta miaka thelathini. Mwaka 2025 ilitangazwa rasmi kwamba ametoweka duniani. Ufuo ule wa Moroko bado upo, maji bado yanapwa na kujaa.

Kwetu bado wapo, na yapo mambo tuliyokwisha kuyafanya vizuri. Watamu ilitengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu 1968, na Mida imo ndani yake. Rufiji, Mafia na Kilwa ziliandikishwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, na delta ya Tana mwaka 2012. Lakini mkataba hausimami ufukweni kumwambia mtu azunguke. Hilo tunabaki nalo sisi.

Kwa hiyo nina maombi, na ni madogo. Ukiona kundi limesimama kwenye mchanga maji yakiwa yamejaa, usipite katikati yake, zunguka. Mbwa wako mfunge kamba mpaka upite. Wewe nahodha wa boti ya wageni, zima mashine ukiwa mbali na uwaache wageni watazame kwa darubini, wataona mengi zaidi kuliko kundi likikimbia. Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, soma namba iliyoandikwa, andika siku na mahali, na ufikishe habari hizo Makumbusho ya Taifa Nairobi au kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe. Namba ile ndiyo hati yake ya kusafiria. Nanyi wazazi, mtoto akitaka kuwakimbilia, mkalishe kwenye mchanga, mwambie wapi wanakwenda mwezi ujao, na mwonyesheni yule aliyeanza kuwa mwekundu.

Wamebakiwa na majuma manne au matano hivi. Waacheni wale, na waacheni wapumzike.